Barua ya wazi kwa wakuu wa chuo: tuambieni bei nzima kabla hatujalipa

Bukavu, Kongo (DRC), 21 Oktoba 2024

Kwa Waheshimiwa:
Mkurugenzi Mkuu wa chuo,
Katibu Mkuu wa masomo,
Mkuu wa Idara ya Sayansi ya Habari na Mawasiliano

Yahusu: gharama ya masomo ya habari na mawasiliano, na kinachopatikana baada yake

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Jina la chuo chenu silitaji hapa, maana sikukusudia kuwaaibisha mbele ya mji. Ninyi mnajijua, na katibu wenu anaijua sura yangu: mimi ni yule mama wa Kadutu, hapa hapa Bukavu, aliyekaa kwenye benchi la korido yenu mara nne mwaka huu, bahasha ya kaki mapajani. Asubuhi nafundisha shule ya msingi. Kuanzia saa nane nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, karibu na soko. Kazi hizo mbili, pamoja na fundi seremala niliyeolewa naye, ndizo zilizomsomesha binti yetu kwenu kwa miaka mitano.

Barua hii ni ya nne. Ya kwanza niliileta tarehe 12 Februari, ya pili 6 Mei, ya tatu 2 Septemba, na kila nakala ina muhuri wenu wa kupokelewa. Jibu nililopata ni la mdomo tu: “Mama, mkubwa iko mu mkutano, mutarudia kesho kutwa.” Nimerudi kesho kutwa mpaka mlinzi akaanza kunihifadhia kiti. Basi nimeona niandike mahali ambapo wazazi wengine nao watasoma, kwa kuwa nilipowagusia jambo hili pale sokoni, wanne walinijibu kabla sijamaliza sentensi.

Kinachonisukuma sasa ni mdogo wa binti huyo. Amepata diploma ya Serikali, ya kumaliza sekondari, mwaka huu, na anataka idara ile ile. Anamsikia dada yake redioni, anaona vijana wa mtaa wanavyomwamkia, na kwake hesabu imekwisha. Niseme ukweli, hata mimi napenda. Sauti ya binti yangu ikitoka kwenye redio ya muuza makaa aliye jirani yangu, mteja aliye mbele yangu saa hiyo huongezewa samaki bila kujua kwa nini. Kwa hiyo sikuja kuitukana kazi ya uandishi wa habari. Nimekuja na daftari langu.

1. Bei mliyobandika siyo bei niliyolipa

Mwishoni mwa 2017, siku tuliyokuja kuandikisha, kwenye valve, ule ubao wenu wa matangazo pale mlangoni, palikuwa na karatasi moja: minervali, yaani ada ya masomo, dola 320 kwa mwaka. Nilizidisha kwa miaka mitano, mitatu ya gradua, ngazi ya kwanza, na miwili ya lisansi, ngazi ya pili, nikapata 1,600. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba tukijinyima tutafika.

Mwalimu haachi kuandika. Kila kilichotoka mfukoni mwetu nimekiandika, na risiti ziko ndani ya kopo la maziwa ya unga. Minervali peke yake ilifika dola 1,720, maana mwaka wa nne na wa tano mliipandisha hadi 380, na tangazo la kupandisha lilibandikwa masomo yakiwa yameshaanza. Ada ya kuingia mtihani ilikuwa dola 20 kila mwaka: jumla 100. Staji, yaani mafunzo ya kazini, mara mbili, dola 30 kila mara: 60. Kuweka na kutetea TFC, andiko la kumalizia gradua, mwaka wa tatu, 70. Kuweka na kutetea memwari, tasnifu ya lisansi, mwaka wa tano, 120. Kuzichapa na kuzifunga zote mbili, 90. Diploma yenyewe na karatasi za alama, 85. Moto, yaani pikipiki ya abiria, na basi, 360. Mega za simu, yaani intaneti, na kuchapisha kazi ndogo ndogo, 225.

Silabusi nazo, vile vitini vya masomo, 225, na hapo naomba nisimame kidogo. Silabusi kwenu haiuzwi kama kitabu dukani, kwamba ukitaka unanunua na usipotaka unaazima. Ina orodha. Orodha hiyo inasomwa darasani kabla ya mtihani, na asiyekuwamo anajulikana. Binti yangu aliwahi kurudi analia kwa ajili ya silabusi ya dola 5 ambayo rafiki yake alikuwa tayari kumwazima. Nilitoa dola 5 nilizokuwa nimeziweka za unga. Wiki ile tulikula mihogo, na silabusi nikaisoma mimi mwenyewe nione tumenunua nini. Nitaieleza mbele.

Jumlisheni: dola 3,055. Mlinionyesha 1,600. Katika hizo 1,455 zilizozidi, 675 ni za usafiri, mega na mashine ya kuchapa, hizo siwalaumu. Lakini 780 ziliingia kwenye kaunta yenu, kwa risiti zenu, kwa majina ambayo hayakuwa kwenye ile karatasi ya mlangoni.

Kisha kuna jambo la dola. Tulipoanza, dola moja ilikuwa karibu faranga 1,600; Oktoba hii ya 2024 imepita 2,800. Mimi Serikali inanilipa kwa faranga. Ninyi mnataka dola, tena dola isiyo na doa wala kona iliyochanika. Na Septemba 2019, masomo ya msingi yalipotangazwa kuwa ya bure, kama raia nilipiga makofi, lakini kama mwalimu nilipoteza ile prime ya wazazi, nyongeza waliyotulipa juu ya mshahara, iliyokuwa ikitubeba. Nayasema haya ili mjue kwamba ada mpya ya dola 20, inayobandikwa Alhamisi ili ilipwe Jumatatu, ikifika Kadutu inaangukia wapi.

2. Maikrofoni ya chaki

Silabusi niliyosema ilikuwa ya ufundi wa redio. Ukurasa wa 31 unaeleza jinsi ya kukata mkanda wa sauti kwa wembe na kuuunga kwa gundi. Nilidhani ni sura ya historia. Hapana, ndiyo ilikuwa somo. Mwaka ulikuwa 2019, na mtahiniwa aliulizwa ataje hatua za kukata mkanda kwa wembe, katika mji ambao hata kijana wa kuuza nyimbo kando ya barabara anakata sauti kwa simu.

Studio yenu ipo. Binti yangu aliingia humo mara tatu kwa miaka mitano, mara moja ikiwa ni siku ya wageni. Meza ya kuchanganya sauti ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cheupe kama maiti. Kamera ilikuwa moja kwa promosheni yao, darasa zima la watu 46, na betri yake ilikuwa “kwa fundi” tangu mwaka wa pili. Mwalimu wa ufundi, ambaye simlaumu, maana naye anafundisha kwa alichopewa, alichora maikrofoni ubaoni kwa chaki na kuonyesha kwa kijiti mahali sauti inapoingilia.

Mimi nafundisha watoto wa miaka 7. Nikiwafundisha kupima uzito naleta mizani yangu ya samaki, ingawa wizara haijanipa mizani.

Kukata sauti kwa kompyuta, binti yangu alifundishwa na kijana aliyeacha masomo kwenu mwaka wa kwanza kwa kukosa minervali. Alimfundisha siku nne, kwa bei ya soda.

3. Staji tulilipia sisi, tukaitafuta sisi

Dola 60 kwa staji mbili. Nilidhani fedha hiyo inamtafutia mtoto mahali na mtu wa kumfuata. Alichopewa ni barua ya kuombea, yenye nafasi tupu ya kuandika jina la redio. Alizunguka nayo kutoka Kadutu hadi Nguba, kwa mguu, mvua ya Novemba, redio baada ya redio. Ya sita ilimkubali kwa sababu mkurugenzi wake ni mtu wa kwaya yetu. Hakuna mwalimu wenu aliyefika kumwona. Fomu ya alama alijaziwa na mlinda mitambo.

4. Miezi 61

Alitetea memwari Machi 2023, kwa alama ya distinksio. Tulipiga vigelegele, tukanunulia juri fanta na keki (hiyo nayo iko kwenye daftari, ila sikuitia kwenye jumla, ni aibu yangu mwenyewe). Aprili akaanza kazi. Miezi saba ya kwanza aliitwa mwanastaji wa kitaaluma, maana yake hakulipwa kitu. Tangu Novemba mwaka jana anahesabiwa dola 50 kwa mwezi. Katika miezi 11 iliyofuata amezipokea mara 6.

Sasa fanyeni hesabu kama ninavyowafanyisha watoto wangu. Dola 3,055, gawanya kwa 50. Mtu anayelipwa kila mwezi bila kukosa, asiyekula, asiyevaa, asiyepanda moto, atairudisha fedha hiyo kwa miezi 61. Ni miaka mitano na mwezi mmoja, yaani muda ule ule aliokaa kwenu darasani, na mwezi wa nyongeza.

Mtauliza anaishije. Anaishi kwa coupage, na ninyi mnaijua. Mwenye mkutano anawapa waandishi bahasha, dola 5 au 10, anaiita usafiri. Asiyetoa, habari yake inapotea njiani kama barua zangu. Mwenye redio hasemi kitu, kwa kuwa bahasha ile inampunguzia yeye mshahara wa kulipa. Kwenu binti yangu alifundishwa saa 30 za maadili ya kazi. Ninayo silabusi yake, nzuri kweli, na inasema wazi kwamba mwandishi asipokee bahasha. Kwa miaka mitano nimelipia mtoto afundishwe kukataa kitu ambacho leo ndicho kinachonunua sabuni yake. Usiku mwingine anaikataa. Asubuhi yake ananiomba ya moto, na mimi nampa, nikijivuna na kununa kwa pamoja.

Jirani yetu ana kijana anayepiga video za arusi kwa kamera ya mtumba. Jumamosi mbili zinampa kile ambacho binti yangu anangojea mwezi mzima. Simpigii debe, Kwaresima ikifika, simu yake inanyamaza. Lakini mdogo wake binti yangu anawaona wote wawili kwenye ngazi moja, na ananiuliza swali ambalo linawafaa ninyi kuliko mimi.

Mwezi wa nane tulikaa usiku, mimi na binti yangu, tukasoma matangazo tisa ya kazi ya mashirika, yote ya afisa wa mawasiliano. Yote tisa yalidai Kiingereza. Kwenu Kiingereza kilikuwa muhula mmoja. Saba yalidai uzoefu wa miaka mitatu au zaidi. Sita yaliandika kwamba anatakiwa mwenye lisansi ya “mawasiliano, uandishi wa habari, sayansi ya jamii, sheria au fani inayokaribiana”. Nililisoma neno hilo, sheria, mara mbili. Maana yake, mlango ambao mtoto wangu aliambiwa una kufuli na yeye amenunua ufunguo wake, uko wazi hata kwa mtoto wa jirani aliyesoma sheria, naye akiukosa ana mahakama ya kukimbilia. Na milango yenyewe inapungua. Mwishoni mwa Juni mwaka huu MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani, ilimaliza kazi zake Kivu ya Kusini, na wale waliokuwa wakiishi kwa mikataba yake, waandishi na wapiga picha wakiwemo, wako kwenye foleni moja na finalisti wenu wa jana, yaani waliomaliza kwenu.

5. Lisansi ipi?

Hili nawaomba mlijibu hata kama mtaacha mengine. Dada alisoma miaka mitano, akapata lisansi. Mdogo wake ataingia kwenye mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, dokta), ulioanza mwaka wa masomo 2021-2022, naye atapata lisansi kwa miaka mitatu. Jina moja, karatasi mbili. Matangazo yale niliyosoma bado yanasema lisansi na pembeni yanaandika miaka mitano baada ya diploma ya Serikali. Je, ya miaka mitatu itapokelewa? Au atatakiwa afanye masta miaka miwili zaidi? Na kama ni masta, mnaruhusiwa kuitoa hapa Bukavu, ama atapanda ndege kwenda Kinshasa, kwenye ile taasisi iliyozaliwa 1973 kwa jina la ISTI, ikawa IFASIC, na leo inaitwa UNISIC? Nikijua nitalipa miaka mitatu, nina bei moja. Nikijua ni mitano na ndege juu yake, nina bei nyingine kabisa, na huenda nisianze.

Nilimuuliza mtumishi wenu wa maandikisho. Alinijibu: “Mama, acheni mtoto aanze, mengine mtayaona mbele.” Mimi mteja akinikaribia anafunua karatasi, anashika samaki, ananusa, ananikatalia, anarudi. Ndipo analipa. Sijawahi kumwambia mtu alipe kwanza, harufu ataisikia nyumbani.

6. Jambo ambalo daftari haliwezi kuandika

Serge Maheshe aliuawa kwa risasi mjini humu Juni 2007. Didace Namujimbo, Novemba 2008. Wote wawili waandishi wa Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa. Binti yangu alikuwa mdogo sana, na leo anatoka redioni saa mbili usiku. Katika karatasi ya masomo ya miaka mitano sikuona hata saa moja ya kumfundisha ajilinde vipi, amwite nani, au ile ordonansi-sheria ya 13 Machi 2023 iliyochukua nafasi ya sheria ya habari ya 1996 inamkinga wapi na inamwacha wazi wapi. Kweli, sheria hiyo ilitoka mwezi ule ule aliotetea memwari. Aliisoma mwenyewe, kwenye simu, kwa mega zangu.

Najua mtakavyojibu

Mtasema Serikali haiwapi kitu. Nakubali, nami nimo ndani ya Serikali hiyo hiyo. Lakini sijawaomba jengo. Karatasi yenye bei kamili na misumari minne ya kuibandikia ni rahisi kuliko gobleti moja ya sambaza.

Mtasema diploma siyo mkataba wa kazi. Kweli. Ila kila Septemba gari lenye spika linapita Kadutu, linapanda mpaka mtaa wa Essence, likiita vijana waje wawe waandishi wakubwa na wasemaji wa makampuni. Gari hilo lina jina lenu ubavuni. Ninayeuza samaki nikiita “wa leo, wa leo,” nikikutwa na wa juzi nitavunjiwa meza.

Mtasema, kama mlivyosema siku ya kutoa diploma, kwamba Bukavu ni mji wa wanahabari wakubwa, na mtawataja wale wanawake. Nami nawataja kwa heshima. Caddy Adzuba, ambaye Uhispania ilimpa tuzo ya Prince wa Asturias mwaka 2014, alisoma sheria. Chouchou Namegabe, aliyepewa tuzo ya Knight mwaka 2009, kazi aliijulia ndani ya Radio Maendeleo, maikrofoni mkononi. Solange Lusiku, aliyeliendesha gazeti la Le Souverain mpaka alipotutoka Oktoba 2018, Chuo Kikuu cha Louvain kilimpa udaktari wa heshima mwaka 2012 kwa ajili ya ujasiri wa kazi yake. Nimewatafuta wote watatu kwenye orodha ya finalisti wenu, sikumwona hata mmoja. Sasa mnapowabandika kwenye bango lenu, mnauza samaki waliovuliwa na mtumbwi wa mwingine.

Na mtasema, hili mtalisema polepole, kwamba labda mtoto wangu hakujituma. Someni alama zake, mliziandika ninyi.

Nisiwanyime haki yenu. Kuna mambo mliyompa. Anaandika Kifaransa bila woga, na mimi mwalimu najua uzito wa hilo. Mwaka jana uvumi ulipozagaa mtaani kwamba watu fulani wametia sumu kwenye maji, alikataa kuutangaza mpaka apate watu wawili walioona, na hakuna aliyeona. Hilo alilipata kwa msaidizi wenu mmoja, kijana mwembamba anayevaa koti moja, aliyekuwa akiwaazima kinasa sauti chake mwenyewe kwa zamu, mwisho wa juma. Binti yangu anamtaja kila mara. Nilipoulizia nimpelekee shukrani niliambiwa ameondoka, mshahara wake ulikuwa umelala miezi mingi. Basi sielewi 780 zangu zilikwenda wapi, ikiwa hata huyo hazikumfikia.

Ninachoomba

Kwanza, mbandike bei yote. Mwaka kwa mwaka, ada kwa ada, kuanzia siku ya kuandikisha hadi siku ya kuchukua diploma, kwa dola na kwa faranga, na sahihi ya Mkurugenzi chini yake. Ada isiyokuwa kwenye karatasi hiyo isidaiwe mpaka mwaka unaofuata. Silabusi zitajwe ndani yake, na orodha ya wanunuzi isisomwe tena darasani.

Pili, mtuambie waliomaliza wako wapi. Chukueni promosheni tano za mwisho. Wangapi wako redioni, televisheni au gazetini, na wanalipwa ama wanangojea. Wangapi ni wasemaji wa mashirika. Wangapi wanafundisha, wanauza mega, wanaendesha moto. Wangapi wamevuka mpaka. Msiseme ni kazi kubwa. Kila promosheni ina kundi lake la WhatsApp. Binti yangu ameniambia anaweza kuulizia ya kwake jioni moja, na nitampa mega.

Tatu, ada ya staji iwe na kazi: makubaliano ya maandishi na redio za mji, na mwalimu anayefika walau mara mbili. La sivyo ifutwe, na sisi tuliolipa 60 turudishiwe au tuambiwe kwa nini hapana.

Nne, studio ifunguliwe. Ondoeni kile kitambaa cheupe. Kama mitambo imekufa, semeni imekufa, na mpatane na redio yoyote jirani iwape wanafunzi saa za usiku ambazo haitumii. Zipo redio zinazocheza muziki mtupu kuanzia saa tano.

Tano, jibu la lisansi ya miaka mitatu, kwa maandishi.

Sihitaji kuitwa ofisini peke yangu kunywa chai. Nataka jibu libandikwe kwenye valve, pale pale ilipokuwa karatasi ya 320, ili mama mwingine mwenye kalamu azidishe namba iliyo sahihi. Nangoja hadi tarehe 30 Novemba.

Dola 340 za mwaka wa kwanza wa mdogo ziko tayari. Ni za mauzo ya tangu Pasaka, zimefungwa kwenye kitambaa, na noti nimezichagua, hakuna yenye doa. Asubuhi ya leo ameniuliza tena kama naenda kumwandikisha. Nimemwambia angoje barua yenu.

Pokeeni, Waheshimiwa, heshima zangu.

Mzazi na mwalimu, Kadutu

Nakala kwa: kamati ya wazazi, wawakilishi wa wanafunzi wa idara, wakurugenzi wa redio waliopokea wanastaji wenu.

Viambatisho: nakala tatu za barua zenye muhuri, kurasa nne za daftari, ukurasa wa 31 wa silabusi ya ufundi wa redio.